Mpira wa Shingoni: Tusikimbie, Tuulize

Muganga akisema, "Mtoto huyu tutamwekea mpira shingoni," wengi wetu tunataka kumbeba na kutoroka. Wengine tunasubiri ukoo wote ukutane, na mtoto anazidi kulegea. Basi tuelewe kazi ya mpira huo.

Mishipa ya mkono wa mtoto ni myembamba. Akiharisha sana, au vijidudu vikienea katika damu, inanywea na sindano haiipati. Tena kuna dawa kali zinazounguza mshipa mdogo. Ndipo muganga anatafuta mshipa mkubwa: wa shingoni, wa chini ya mtulinga au wa kwenye kinena. Kwa mtoto aliyezaliwa juzi, anaweza kupitia kitovuni. Ncha ya mpira inafika karibu na moyo, mahali damu nyingi inapopita.

Kwanza mtoto anapewa dawa ya kuzuia maumivu. Sindano inaingia, waya mwembamba unapita ndani yake, sindano inatolewa, na mpira unafuata waya. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1953 na Sven-Ivar Seldinger, muganga wa Sweden. Penye mashine ya ekografia, mshipa unaonekana kabla ya kutobolewa. Hospitali isiyoweza kuweka mpira huo, dharura ikibana, inaweza kupitisha serumu katika mfupa wa mguu, chini ya goti.

Hatari zipo: kutoka damu, pafu kutobolewa, damu kuganda, na vijidudu kuingia kwa njia ya mpira. Mtoto wa kilo 3 ana damu ya mililita 240 hivi, haijazi chupa ndogo ya soda. Kwa hiyo kila tone lina thamani.

Kazi yetu ni hii: tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Tusifungue bandeji. Ikilowa au ikilegea, mtoto akipata homa, au pakivimba, tumwite muuguzi mara moja. Na kila siku tuulize: "Mpira huu ungali wa lazima?" Usipohitajika tena, utolewe.

Kabla ya kukubali, tuna haki ya kuuliza sababu, hatari, na kama kuna njia nyingine. Tuzungumze na baba wa watoto leo, wakati wote wazima nyumbani: akiwa safarini, nani atatoa ruhusa? Ugonjwa wa mtoto hausubiri kikao.