Kura ya Nadapal ina uzito gani?

Barabara kuu ya A1 ikitoka Lodwar hupita Kakuma, hufika Lokichoggio, kisha huishia Nadapal, mpakani na Sudan Kusini. Upande wa pili kabisa wa Kenya, ukishuka hadi Bahari ya Hindi, kuna Faza, Siyu, Kizingitini na Kiwayu, visiwani Lamu, ambako mtu huenda kupiga kura kwa mashua. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Siku hiyo mpiga kura wa Turkana Magharibi na yule wa Lamu Mashariki watapewa karatasi sita zilizo sawa: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya mbunge na ya mwakilishi wa wadi. Ya rais ina uzito mmoja nchi nzima. Ya mbunge haina.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 239,627 katika Turkana Magharibi. Lamu Mashariki walikuwa 22,258. Kila upande unapeleka bungeni mbunge mmoja, mwenye kura moja ndani ya ukumbi na hazina yake ya maendeleo ya eneobunge. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili, utapata zaidi ya kumi. Basi kwa upande wa uwakilishi, mkazi mmoja wa Lamu Mashariki ana nguvu ya wakazi kumi wa huku kwetu Turkana Magharibi.

Wengi hufikiri uchaguzi unaamuliwa siku ya kura, kwenye foleni, mashine ikigoma kutambua alama za vidole, mawakala wakibishana juu ya karatasi iliyochanika. Yote hayo ni muhimu. Lakini kwa maeneo madogo, na kwa maeneo yaliyo mbali kama yetu, sehemu kubwa ya uchaguzi huwa imekwisha kabla kisanduku hakijafunguliwa. Imekwisha pale watu walipohesabiwa, pale mstari ulipochorwa, na pale kitambulisho kilipotolewa au kilipokosekana.

Tuanze na mstari. Ibara ya 89 ya Katiba ya 2010 inasema nchi ina maeneobunge 290, wala si 291. Chukua wakazi wote wa Kenya, uwagawe kwa 290, upate kigezo cha idadi ya watu. Kwa sensa ya 2009 kigezo kilikuwa 133,138. Kwa sensa ya 2019, iliyohesabu Wakenya na wageni 47,564,296, kinakuwa takriban 164,015. Kila eneobunge linatakiwa likikaribie kigezo hicho kadiri iwezekanavyo, ila Katiba inaruhusu kupishana nacho: kwa asilimia 40 juu au chini katika miji mikubwa na katika maeneo yenye watu wachache waliotawanyika, na asilimia 30 kwingineko. Tume ya uchaguzi na mipaka inaruhusiwa pia kutazama jiografia, njia za mawasiliano, historia na uhusiano wa jamii.

Hiyo asilimia 40 iliwekwa kwa ajili ya mahali kama Turkana. Mbunge wa watu 100,000 waliosambaa jangwani, wanaohama na mifugo, ana kazi nzito kuliko mbunge wa watu 160,000 waliobanana kwenye mitaa michache ya Nairobi. Sasa ifanye hesabu mwenyewe. Kilele cha juu kabisa kinachoruhusiwa ni kama watu 229,621. Turkana Magharibi imekivuka. Chini kabisa ni kama 98,409. Turkana Kaskazini, ukijumlisha na Kibish, ina watu 101,987, imeponea chupuchupu. Loima ina 107,795. Yaani ndani ya kaunti moja kuna eneobunge lililofurika na mengine mawili yaliyo karibu na ukingo wa chini, na yote matatu yanasikilizana kwa lugha ile ile na malisho yale yale.

Lamu Mashariki ilibakije? Katiba ilipoanza kutumika, iliagiza kwamba mapitio ya kwanza ya mipaka yasilifute eneobunge lolote lililokuwapo. Kwa hiyo mwaka 2012, maeneobunge yalipopanda kutoka 210 hadi 290, maeneo 27 yasiyofikia kiwango yalilindwa. Ulinzi huo ulikuwa wa safari ile moja. Turkana nayo ilinufaika: kutoka viti vitatu vya zamani, Kaskazini, Kati na Kusini, ikapata sita. Sisemi Lamu Mashariki inyang'anywe kiti. Mtu wa Kiunga au wa Basuba hana sababu ya kulipia umbali wake kwa kupoteza mbunge, na anayedhani visiwa vinaweza kuunganishwa kwa kalamu hajasubiri maji yajae ndipo mashua iondoke. Ila hoja hiyo hiyo ya umbali haijawahi kupimwa kwa mizani ile ile huku kwetu.

Kuna mahali ambapo mstari wa namna hii uligeuza historia ya nchi, napo ni Zanzibar. Katika uchaguzi wa Januari 1961 palikuwa na viti 22. Afro-Shirazi Party (ASP) ilipata 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) 9, na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11 na serikali haikuweza kuundwa. Dawa iliyotafutwa ilikuwa kuongeza jimbo moja Pemba, viti vikawa 23, na Juni mwaka ule watu wakarudi vituoni. Safari hii ASP na ZNP walitoka na viti kumi kumi, ZPPP vitatu, na ushirika wa ZNP na ZPPP ukashika serikali. Ghasia za siku hizo ziliua watu 68.

Uchaguzi wa Julai 1963, wa mwisho kabla ya uhuru, ndio unaofundisha zaidi. Viti vilikuwa 31. ASP ya Abeid Karume ilipata zaidi ya kura 87,000, kama asilimia 54 ya kura zote, ikaambulia viti 13. ZNP na ZPPP pamoja walipata kama kura 73,500, wakachukua viti 18, na Mohammed Shamte wa ZPPP akawa waziri mkuu. Hapakuhitajika kuibiwa kura hata moja ili hali hiyo itokee. Fikiria majimbo matatu yenye wapiga kura 1,000 kila moja. Chama cha kwanza kinashinda jimbo moja kwa 900 dhidi ya 100, halafu kinashindwa mawili kwa 480 dhidi ya 520. Kimepata kura 1,860 kati ya 3,000, wengi wa dhahiri, na kiti kimoja tu. Zile kura 900 zimerundikana mahali pamoja, na mia nne kati yake zisingebadilisha kitu hata zisingepigwa. ASP ilikuwa na marundo ya aina hiyo katika baadhi ya majimbo ya Unguja, huku wapinzani wake wakishinda viti kadhaa kwa tofauti ndogo.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Mapinduzi yalikuja tarehe 12 Januari 1964. Mapinduzi yale yalikuwa na sababu nyingi, za ardhi, za kazi, za rangi na za kumbukumbu chungu, na itakuwa uvivu kuyatundika yote kwenye ramani ya majimbo. Lakini serikali iliyoingia madarakani bila wingi wa kura haikuwa na ngao ya kujikingia siku ya shida. Hata baadaye mstari haukutulia: kabla ya uchaguzi wa 2005, Pemba ilipunguziwa majimbo kutoka 21 hadi 18, na Unguja ikaongezewa kutoka 29 hadi 32.

Turudi Kakuma, maana hapa ndipo hesabu ya Turkana Magharibi inapokuwa ngumu kuliko ya kisiwa chochote. Kambi ya wakimbizi ilianza mwaka 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipoingia kwa miguu. Baadaye yakaongezwa makazi ya Kalobeyei. Leo wakimbizi wa pande hizo mbili ni takriban 300,000, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Sasa angalia Katiba inavyofanya kazi. Kigezo cha mipaka kinahesabu wakazi. Haki ya kupiga kura, chini ya ibara ya 83, ni ya raia mtu mzima. Na sensa ya Kenya humhesabu kila aliyelala ndani ya nchi usiku uliopangwa, awe raia au si raia. Mkimbizi basi anaweza kuongeza uzito wa eneobunge kwenye ramani, na wala asiguse karatasi ya kura. Wenyeji wa Turkana wanaokaa kando yake wanaweza kuonekana kwenye takwimu kama watu wa eneo lililojaa, ilhali wapiga kura wenyewe ni wachache mno.

Hilo linaonekana hata ukitazama kaunti nzima. Mwaka 2022 nchi ilikuwa na wapiga kura 22,120,458 waliosajiliwa, karibu asilimia 46 ya wakazi. Turkana ilikuwa na takriban 238,000 kati ya wakazi 926,976, kama asilimia 26. Pengo hilo halielezwi na wakimbizi peke yao. Watu wetu ni vijana, wengi bado hawajafika miaka 18. Wengine wamefika zamani lakini hawana kitambulisho, na bila kitambulisho au pasipoti karani wa usajili hawezi kukuandika. Mchungaji aliye na adakar yake, yaani kundi la kaya zinazohama pamoja, karibu na mpaka hatashuka hadi mjini siku mbili kwa ajili ya kadi ambayo huenda ikachelewa miezi, hasa akijua kwamba atakaporudi kuichukua mvua itakuwa imeshahamisha mifugo kwingine.

Kwa upande mmoja Kenya imemtendea mfugaji vyema kuliko Zanzibar ilivyomtendea mvuvi wa dago, anayehama kufuata samaki. Kule, kwa miaka mingi, aliyetaka kujiandikisha alitakiwa awe ameishi katika jimbo hilo miezi 36 mfululizo. Kwa sharti kama hilo nusu ya wafugaji wa wadi zetu za Letea na Songot wasingekuwa wapiga kura popote. Sheria yetu haidai hivyo. Unajiandikisha unapotaka, na unaweza kuomba kuhamishiwa kituo kingine kabla daftari halijafungwa. Ila siku ya kura lazima uwe pale ulipoandikwa. Agosti ni mwezi ambao mara nyingi kiangazi kimekwisha kusukuma mifugo mbali na kituo.

Kuhesabiwa nako kuna historia. Sensa ya 1999 iliiandikia Turkana watu 450,860, na ile ya 2009 ikaandika 855,399. Mwaka 2010 waziri wa mipango wa wakati huo, Wycliffe Oparanya, alitangaza kufuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, zikiwamo zote tatu za Turkana, kwa hoja kwamba ongezeko halikuaminika. Suala lilifika mahakamani, na mwishowe tarakimu zile zile ndizo zilizotumika. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikabatilisha takwimu za sensa ya 2019 za sehemu za Mandera, Wajir na Garissa, na Mahakama ya Rufaa baadaye ikasimamisha uamuzi huo. Kila mara kaskazini ndiko kunakotiliwa shaka. Huenda wakati mwingine shaka ina msingi. Lakini sijasikia wilaya ya kahawa ikiambiwa watoto wake wahesabiwe upya.

Mapitio ya mipaka yalitakiwa yawe yamekwisha kufikia Machi 2024, miaka 12 tangu yale ya 2012. Muda ukapita tume haina makamishna, maana mwenyekiti wake, Wafula Chebukati, aliondoka Januari 2023 na wapya wakaapishwa Julai 2025. Mwenyekiti mpya, Erastus Ethekon, ni mtoto wa Turkana na aliwahi kuwa mwanasheria mkuu wa kaunti hii, jambo linalowafurahisha wengi Lodwar. Lisiwafurahishe kupita kiasi. Mipaka inayokamilika ikiwa imebaki chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu haitumiki katika uchaguzi huo, na mwenyekiti anayetoka hapa ndiye atakayechunguzwa zaidi akigusa ramani ya nyumbani kwao.

Wanasiasa wetu hupenda kudai kwamba Turkana inastahili viti vingi zaidi. Hesabu haiwaungi mkono. Gawanya 926,976 kwa kigezo, unapata 5.65. Sita tulivyo navyo vinatutosha, na kwa kuwa jumla ni 290 daima, cha saba kingepaswa kung'olewa kwa mtu mwingine. Tatizo letu liko ndani ya nyumba. Ili Turkana Magharibi irudi chini ya kilele kinachoruhusiwa, wanatakiwa kuhama watu kama 10,006 tu kwenye karatasi. Wadi moja inaweza kutosha, ikapelekwa Kaskazini au Loima, na zote mbili zina nafasi ya kutosha kuipokea.

Ipi? Wadi ziko saba: Kakuma, Lopur, Letea, Songot, Kalobeyei, Lokichoggio na Nanaam. Katiba inaitaka tume iwasikilize wote wanaohusika kabla ya kuchora. Kuna atakayesema Lokichoggio na mpaka wake wa Nadapal, wenye ugomvi wa muda mrefu wa malisho kati ya Waturkana na Watoposa wa Sudan Kusini, waungane na Kaskazini inayopakana na pembetatu ya Ilemi, ili mbunge mmoja abebe mambo yote ya mpaka wa Sudan Kusini. Kuna atakayejibu kwamba soko lao, hospitali yao na barabara yao vyote vinaelekea Kakuma. Hoja zote mbili ni halali, na hakuna hata moja inayoweza kujibiwa na kikokotoo. Wakati wa kuanza kuzijadili kwenye mabaraza ya machifu ni sasa, tume ikiwa bado haijafungua ramani.