SWETA LA SUFU: AKIBA YA KIKUNDI WAKATI WA KUSI



Mtu wa Limuru au Nyahururu akisikia kwamba huku Manda tunazungumzia masweta, atacheka. Atauliza, "Jamani, baridi ya Lamu iko wapi?" Hata sisi wenyewe tumezoea kusema kwamba nguo ya sufu ni ya watu wa bara. Lakini hebu muulizeni mvuvi aliyelowa mvua baharini usiku wa Julai huku kusi ikivuma. Muulizeni kijana wa Maweni aliyetoka jasho machimboni kisha akanyeshewa akisubiri mashua. Muulizeni mama aliyevuka kwenda hospitali Lamu alfajiri, mtoto mchanga mikononi. Hao hawatacheka.

Katika toleo hili tunataka kueleza jambo moja: sweta kavu la sufu ni kifaa cha kuokoa maisha, na kikundi kinaweza kuwa nalo hata kama kila mwanachama peke yake hawezi kulinunua.

BARIDI YATOKA WAPI KATIKA NCHI YA JOTO?

Kusi huvuma tangu mwezi wa Aprili hadi karibu Septemba. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi yenye ubaridi, na bahari huwa chafu. Ni kweli kwamba hewa yetu haiwi baridi kama ya bara. Lakini mwili wa binadamu unahitaji joto la kama digrii 37. Ukishuka chini ya digrii 35, mtu yuko hatarini, awe Lamu au Ulaya.

Wezi wa joto la mwili ni watatu. Wa kwanza ni maji, ambayo hunyonya joto kama mara 25 kuliko hewa. Wa pili ni upepo, unaokausha nguo iliyolowa huku ukichukua joto la mwenye nguo. Wa tatu ni njaa na uchovu, kwa sababu mwili usio na chakula hauna kuni za kuwasha moto wake. Mvuvi aliyelowa, anayepigwa na upepo, na ambaye hajala tangu mchana, amekutana na wezi wote watatu ndani ya chombo kimoja.

Dalili zake ni hizi: kutetemeka, vidole kushindwa kufunga kamba, maneno kukokota kama ya mlevi, usingizi na kutojali. Mkiona mtu aliyekuwa akitetemeka ameacha kutetemeka lakini bado ni baridi na amechanganyikiwa, msiseme kwamba amepona. Hapo hali imekuwa mbaya zaidi.

KWA NINI SUFU?

Shati la pamba ni zuri wakati wa jua. Likilowa hushikamana na ngozi, na ile hewa iliyokuwa ndani yake hutoka. Nywele za sufu zimejikunja, kwa hiyo huzuia hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo blanketi. Sufu huweza kunywa unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujaisikia kuwa imelowa. Ikirowa kabisa hupoteza sehemu ya joto lake, lakini bado hukufaa kuliko pamba.

Kondoo wetu wa huku pwani wana nywele fupi, hawatoi sufu ya kufuma. Basi sufu tutaipata wapi? Kwenye mitumba. Lakini si kila sweta ni sufu, mengi ni ya nyuzi za kiwandani. Ukiwa na wasiwasi, chomoa uzi mmoja mdogo, uushike kwa koleo mbali na nguo, uuwashe. Uzi wa sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Uzi wa kiwandani huyeyuka ukawa kitone kigumu. Ngojeni kipoe kabla ya kukigusa.

NAMNA YA KULIVAA

Sweta lililofumwa hupitisha upepo. Kwa hiyo juu yake vaeni koti la mvua. Kama shati la ndani limelowa, livueni kwanza, kisha sweta livaliwe kwenye mwili uliofutwa. Funikeni kichwa na shingo pia. Na tukumbushane: sweta halimwelezi mtu majini. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe juu ya nguo zote.

Anayezamia au anayechokoa pweza asiingie nalo majini. Liwekwe kavu, alivae akitoka.

Kwa mtoto mchanga, akaushwe vizuri, awekwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, na avalishwe kofia. Shali la sufu lifunike wote wawili, uso wa mtoto ukiwa wazi apumue. Sufu isiguse ngozi yake moja kwa moja kwa sababu huwasha. Tangulizeni kitambaa laini.

Mtu akizidiwa na baridi, mvueni nguo zilizolowa, mfuteni, mvalisheni sweta kavu, mlazeni mahali pasipo upepo, na mwenzake amkumbatie. Akiwa macho na anameza vizuri, mpeni chai ya moto yenye sukari. Msimpe pombe, maana hupeleka damu kwenye ngozi na joto likazidi kutoka. Msimsugue mikono na miguu. Kisha apelekwe hospitali.

NAMNA YA KUSHIRIKIANA

Kikundi cha watu 15 wakichanga shilingi 20 kila juma, kwa majuma manne kina shilingi 1,200. Ulizeni bei sokoni, anzeni na masweta machache. Nunueni wakati wa kaskazi, msingoje kusi ianze.

Tunajua ugonjwa wa mali ya kikundi: kila mtu huitumia, hakuna anayeitunza. Kwa hiyo tunashauri:

1. Mchague mtunzaji mmoja na daftari moja. Aliyechukua na aliyerudisha aandikwe.
2. Kila sweta litiwe alama kwa uzi wa rangi.
3. Kila chombo kinachotoka usiku kichukue angalau sweta moja ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachofunga vizuri. Lisivaliwe njiani kwa starehe. Sweta moja kavu ndani ya ndoo ni bora kuliko manne yaliyolowa.
4. Nahodha ndiye aamue nani avae. Wa kwanza ni aliyeanguka majini au anayetetemeka zaidi, hata kama si mwanachama.

Jambo la nne ndilo huleta maneno. Mtu atasema, "Mimi nimechanga, yeye hakuchanga." Ni kweli. Lakini baharini hamwezi kumwacha mtu afe kwa sababu ya shilingi 20. Mambo ya mchango yazungumzwe nchi kavu.

KULITUNZA

Nguo ya kushirikiana inaweza kuleta upele na chawa. Maji ya moto huwaua wadudu, lakini pia husinyaza sufu, likawa sweta la mtoto. Njia nyingine ni kulifungia likiwa kavu ndani ya ndoo kwa majuma mawili. Wadudu hao wakikosa mwili wa mtu hufa. Mwenye upele atibiwe, na sweta lake lisiazimwe mpaka apone.

Tunajua maji matamu ya Manda ni ya shida, na ya jabia hayatoshi. Habari njema ni kwamba sufu haihitaji kufuliwa kila mara. Mara nyingi kuianika kwenye hewa kunatosha. Ikiingia maji ya chumvi, isuuzeni kwa maji matamu kidogo, kwa sababu chumvi huvuta unyevu. Msikamue kwa kusokota. Likandamizeni ndani ya kitambaa, kisha litandazwe mkekani kivulini. Kabla ya kulihifadhi liwe safi na kavu, kwani nondo hupenda nguo chafu.

TUTAFAKARI

Mtakatifu Martino wa Tours, askari wa karne ya 4, alimkuta maskini akitetemeka langoni pa mji wa Amiens. Alikata joho lake, akampa nusu. Tazameni kwamba nusu nyingine ilibaki kwake, naye asipate baridi. Kushirikiana kwa utaratibu ni hivyo: wote wawili wanafika nyumbani.

Maswali ya kujadili kikundini:

(a) Ni nani kati yetu hupatwa na baridi zaidi, na katika kazi gani?
(b) Nani atakuwa mtunzaji, na mwenye kupoteza sweta atalipa nini?
(c) Kusi ijayo, ndoo yetu itakuwa na nini ndani?