Karata za taroti: Nani aliyezipa maana?

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mjuzi wa yaliyofichikana na yaliyo dhahiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ndugu wasomaji, baadhi ya wazazi wametuuliza kuhusu karata za taroti, ambazo vijana wetu wanazifuatilia kwenye simu zao. Msomaji wa karata hizo huzipanga mezani, huzifunua moja baada ya nyingine, kisha humweleza mtu habari za ndoa yake, riziki yake na mahasimu wake. Vijana wanajua kwamba kumwendea mpiga ramli ni haramu. Lakini wanajitetea kwamba hii si ramli. Ni elimu ya alama iliyorithiwa kwa wahenga wa Misri. Kwa kuwa hoja yao imesimama juu ya asili ya karata hizi, tuanze na asili hiyo, kisha tuingie katika hukumu.

Asili yake ni mchezo

Taroti kamili ina karata 78. Kati ya hizo, 56 zimegawanyika katika mafungu manne: vikombe, sarafu, fimbo na panga. Mafungu haya si mageni kwetu. Tunaposema kopa, uru, pau na shupaza, tunatumia maneno tuliyoyapokea kwa Wareno, na asili ya maana zake ni hiyo hiyo: kikombe, dhahabu, fimbo na upanga. Wazungu nao waliyapokea mafungu hayo kutoka nchi za Kiislamu. Katika jumba la Topkapı mjini Istanbul zimehifadhiwa karata za zama za Wamamluki wa Misri, zenye vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea polo. Miongoni mwa vyeo vilivyomo ni mfalme na naibu wake. Ndiyo maana mji wa Florence, ulipoupiga marufuku mchezo huo mwaka 1377, uliziita karata hizo "naibbe".

Karata 22 zilizobaki, zenye picha kama Mpumbavu, Mauti, Mnara na Jua, ziliongezwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15. Kati ya hizo, 21 zilikuwa turufu za mchezo, wala hazikuwa na siri nyingine.

Ikapita miaka zaidi ya 300. Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin akachapisha madai kwamba taroti ni kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri ya kale. Wakati huo hapakuwa na mtu yeyote aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri hiyo. Ufunguo wake ulitangazwa na Jean-François Champollion mwaka 1822. Yaliposomwa, taroti haikuonekana humo.

Karata zinazotumika sana leo zilichapishwa London mwaka 1909. Arthur Edward Waite ndiye aliyezipanga, na Pamela Colman Smith ndiye aliyezichora. Waite alibadilishana nafasi za karata mbili, Uadilifu na Nguvu, kwa kuwa aliona hivyo ndivyo inavyofaa. Tujiulize: ikiwa maana hizi zinatoka katika ghaibu, binadamu huyu alipata wapi idhini ya kuzipangua?

Shupaza tatu zinapoingia nyumbani

Mama mmoja alitueleza kwamba binti yake aliyekwishachumbiwa anataka kuuvunja uchumba. Msomaji wa karata alimfunulia panga tatu zilizouchoma moyo, akamwambia kuna mwanamke wa karibu anayemsaliti. Tangu siku hiyo binti hasemi na mtoto wa mama yake mdogo, ambaye hajui kosa lake.

Panga tatu ni shupaza tatu. Katika karata nyingi za kale zilichorwa panga tatu tu, pasi na moyo. Kijana anayeitupa shupaza tatu barazani haoni ndani yake usaliti wa mtu yeyote. Maana ile iliwekwa na kalamu ya mchoraji na ulimi wa msomaji. Tena msomaji hakumtaja mtu. Jina alilitafuta binti mwenyewe. Hapo ndipo ilipo hatari. Maneno mapana hayakosi wa kumwangukia, na aghalabu humwangukia jamaa, jirani, wifi au mama mkwe. Ndugu huyo ameshahukumiwa bila ya shahidi wala nafasi ya kujitetea, ilhali Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakikisha habari na kujiepusha na dhana nyingi.

Hukumu ya sheria

Waarabu wa zama za ujahilia walikuwa na mishale iitwayo azlam. Mtu akitaka kusafiri au kuoa, huchomoa mmoja ili umwambie afanye au aache. Mwenyezi Mungu ameiharimisha katika Suratul Maida, aya ya 90, pamoja na ulevi, kamari na masanamu. Kufunua karata ili ikuamulie ni jambo la namna hiyo hiyo.

Imamu Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipoikomboa Makka, mwaka wa 8 Hijria, zilitolewa ndani ya Al-Kaaba picha za Nabii Ibrahim na Nabii Ismail (A.S.) wakiwa wameshika mishale hiyo. Mtume akawalaani waliozichora, kwani walijua fika kwamba manabii hao hawakupata kuitumia. Ndiyo hila ya watabiri tangu kale: kuwabandika wahenga jambo wasilolifanya, ili batili ipate heshima.

Na katika Sahihi Muslim imekuja kwamba anayemwendea mtabiri na kumuuliza jambo, swala yake haikubaliwi masiku arubaini. Wanavyuoni wamebainisha kuwa faradhi ya swala haimwondokei. Anachokikosa ni thawabu. Na mlango wa toba uko wazi.

Tufanye nini?

Wazazi wenzetu, kumnyang'anya kijana simu hakutoshi. Muulizeni anaogopa nini. Anayeuliza karata juu ya mchumba wake ana hofu ya kweli, na pengine hakupata wa kumsikiliza nyumbani. Tulimshauri mama yule kwamba binti azungumze waziwazi na mchumba wake mbele ya wazee, na amtake radhi ndugu yake.

Kisha ipo istikhara, ambayo Mtume (S.A.W.) aliwafundisha masahaba kama alivyowafundisha sura za Qur'ani. Ni rakaa mbili na dua, wala si sharti kuota ndoto. Mja hukiri kwamba hajui na Mola wake ndiye ajuaye, hushauriana na wenye busara, kisha huazimia na kutawakali. Karata humwacha mtu na shaka juu ya watu wake. Istikhara humrudisha kwa Mola wake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na avisuluhishe vizazi vyetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.