Miaka Ishirini Chumba Kimoja, na Bado Watu Baki

Kijana wa Ngamiani, Tanga, akikutwa usiku chumbani na binti wa watu, wazee hawasubiri kukuche. Shehe huitwa, mkeka hutandikwa, mashahidi wawili hukalishwa, na alfajiri inawakuta wale wawili wakiwa mume na mke. Ndiyo ndoa ya mkeka, na pwani nzima inaijua. Hata wasipokutwa, sheria nayo ina mkeka wake. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na majirani wakawatambua kama mume na mke, mahakama itawachukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kwa wanaume wawili au wanawake wawili hesabu hiyo haianzi kabisa. Kifungu cha 9 cha sheria hiyohiyo kinaitaja ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Zaidi ya hapo, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo cha kuanzia miaka 30 hadi maisha kwa kile kinachoitwa kuingiliana kinyume na maumbile. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi mwaka 2004, ikafanya hata kuishi kama mume na mke kwa watu wa jinsia moja kuwa kosa la kifungo kisichozidi miaka saba.

Ndiyo maana neno harusi peke yake linatosha kuwasha moto. Februari 2010, huko Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, ulizuka uvumi kwamba wanaume wawili wanataka kuoana. Viongozi wa dini walipaza sauti, umati ukakizingira kituo cha afya cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, watu wakapigwa. Novemba 2018 wanaume kumi walikamatwa katika hoteli ya ufukweni Pongwe, wakishukiwa kufunga ndoa. Hii ni Pongwe ya Unguja, si ile yetu ya Tanga, njia ya Muheza.

Lakini kelele za harusi huficha jambo lenye uzito zaidi, nalo ni yale yanayokuja baada ya miaka mingi ya kukaa pamoja. Tuseme kuna wanawake wawili Makorora. Mmoja anashona, mwenzake anauza vitenge, wamekula sufuria moja miaka ishirini. Kiwanja wamenunua kwa fedha za wote wawili, ila hati ina jina la mmoja. Huyo akilazwa, swali la kwanza hospitalini ni ndugu wa mgonjwa nani, na mwenzake hujibu kwamba yeye ni rafiki. Akifariki, mjane wa kawaida angekaa eda miezi minne na siku kumi, watu wakimjia kumpa pole. Huyu hana eda wala fungu katika mirathi. Matanga yakianuliwa, ndugu wa marehemu wanahesabu friji, kitanda na cherehani, naye amesimama mlangoni bila neno la kusema, ingawa cherehani ni yake.

Hata Marekani mambo yalikuwa hivyo hadi juzijuzi. Mwaka 1967 Thea Spyer alimposa mwanamke mwenzake, Edith Windsor, kwa bruchi ya almasi badala ya pete, ili kazini kwa Windsor watu wasije wakauliza mchumba ni nani. Walikaa pamoja zaidi ya miaka arobaini, wakafunga ndoa Toronto mwaka 2007. Spyer alipofariki mwaka 2009, serikali ilimtoza Windsor kodi ya mirathi ya dola 363,053, kodi ambayo mjane wa mwanamume asingedaiwa. Aliishtaki serikali, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikampa haki.

Afrika Mashariki nayo ina mila inayostahili kutazamwa. Wakurya wa Mara wana nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake. Wanandi wa Kenya wana desturi kama hiyo. Hii si ndoa ya mapenzi. Wawili hao hawalali pamoja. Hata hivyo, mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya Kinandi ya namna hiyo katika shauri la mirathi, na aliyeolewa akahesabiwa kuwa mrithi. Kumbe mahakama ya pwani hiihii iliweza kumwona mwanamke aliyefiwa na mwanamke mwenzake, ikampa fungu lake.

Kwa sasa Tanzania zipo njia chache tu za kumlinda anayebaki. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu watu wasio wanandoa kumiliki ardhi kwa pamoja, hivyo majina mawili kwenye hati ni kinga kubwa. Mwislamu anaweza kumwachia asiye mrithi wake kwa wasia mpaka theluthi ya mali. Bila maandishi hayo, linalobaki ni utu wa ndugu. Basi nyinyi ndugu wa marehemu, mkikaa kugawa mali, kabla hamjagusa kitu, muulizeni aliyekuwa akikaa naye kipi ni chake, na mumwachie akichukue.