Kamati ya Utafutaji: Namna Chuo Kikuu Kinavyompata Kiongozi Wake, na kwa Nini Utaratibu Huo Ulindwe

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Muda wa mtendaji mkuu wa chuo kikuu unapokaribia kwisha, taarifa ambayo umma huisubiri kwa hamu ni ile ya jina la mrithi wake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi ya kumpata kiongozi huyo hufanyika kabla jina halijatajwa, ndani ya chombo kidogo ambacho wananchi wengi hawakijui: Kamati ya Utafutaji. Makala haya yanaeleza kamati hiyo ni nini, huundwa na nani, mamlaka yake yanaishia wapi, na ni kwa nini namna inavyoundwa huweza kuamua utulivu wa chuo kwa miaka mingi.

Mkoa wa Tabora una sababu ya pekee ya kulifuatilia jambo hili. Mji huu, uliowahi kuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji, umekuwa pia mji wa shule na vyuo. Shule ya Wavulana Tabora ndiyo iliyompokea Julius Nyerere mwaka 1937. Ipo Seminari Kuu ya Kipalapala, kipo Chuo cha Ualimu Tabora, ipo kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania. Kipo pia Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania, na kinabeba jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo aliyeliongoza Jimbo Kuu Katoliki la Tabora kuanzia mwaka 1960 hadi 1985. Vijana wa Urambo, Sikonge, Nzega, Igunga, Kaliua na Uyui wanaotafuta elimu ya juu karibu na nyumbani wana haki ya kujua viongozi wa taasisi kama hizi hupatikanaje.

Vyeo na maana zake

Ni vyema kuanza na vyeo, kwa kuwa majina yake huwachanganya wengi. Katika chuo kikuu cha Tanzania, Mkuu wa Chuo ni mlezi wa heshima, ambaye aghalabu huonekana kwenye mahafali akiwatunuku wahitimu shahada zao. Mtendaji anayesimamia taaluma, fedha, watumishi na nidhamu siku kwa siku ni Makamu Mkuu wa Chuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mfano ulio wazi: Rais Mstaafu Dkt. Jakaya Kikwete aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo hicho mwaka 2016, ilhali shughuli za utendaji ziko mikononi mwa Makamu Mkuu. Cheo hicho cha utendaji ndicho kinacholingana na kile ambacho Marekani hukiita rais wa chuo. Chuo kikuu kishiriki nacho huwa na mkuu wake, anayewajibika kwa chuo mama.

Vyuo vya kati vina utaratibu mwingine. Mkuu wa chuo cha ualimu cha Serikali, kwa mfano, ni mtumishi wa umma anayepangwa na mamlaka yake kwa kufuata taratibu za utumishi. Kwa hiyo Kamati ya Utafutaji inahusu zaidi vyuo vikuu, ambako kiongozi hutarajiwa kukubalika kitaaluma na wanazuoni wenzake, pamoja na kuaminiwa na mmiliki wa chuo.

Kutoka uteuzi wa moja kwa moja hadi utafutaji

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, chenye wanafunzi 14 wa sheria. Kilipokuwa chuo kikuu kamili cha Taifa tarehe 1 Julai 1970, Rais Nyerere, ambaye pia alikuwa Mkuu wa Chuo, alimteua Pius Msekwa kuwa Makamu Mkuu wa kwanza. Msekwa alitoka katika wadhifa wa Katibu Mtendaji wa TANU. Uteuzi huo ulikuwa na mantiki ya wakati wake: Taifa changa lilitaka chuo kilichofungamana na malengo yake, na wanazuoni wazalendo wenye uzoefu wa kuongoza taasisi ya namna hiyo walikuwa wachache.

Miongo iliyofuata ilibadili mazingira. Vyuo viliongezeka, vyuo binafsi viliruhusiwa, na idadi ya maprofesa Watanzania ikakua. Bunge lilitunga Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346, mwaka 2005, iliyoanzisha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Chini ya mfumo huo, kila chuo kikuu huendeshwa kwa Hati Idhini yake, na hati hiyo ndiyo inayoeleza Baraza la Chuo, Seneti, mamlaka ya uteuzi na muda wa uongozi. Katika mfumo huo mpya, swali halikuwa tena nani anateua tu. Liliongezeka swali la pili: mteuzi anapelekewa majina gani, na nani ameyachuja?

Kamati ya Utafutaji ndiyo jibu la swali hilo la pili. Haiteui. Kazi yake ni kutafuta, kuchuja na kupendekeza. Mwisho wa mchakato, tangazo hutolewa na mamlaka yenye dhamana, kama ilivyokuwa Desemba 2017 pale Rais Dkt. John Magufuli alipomteua Profesa William Anangisye kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akimrithi Profesa Rwekaza Mukandala.

Funzo la njia ya misafara

Wapo wanaodhani kwamba mashauriano kabla ya kumpa mtu uongozi ni jambo lililokuja na vyuo vikuu. Historia ya Unyamwezi inaonesha vinginevyo.

Katika misafara ya karne ya 19, mbele ya msururu wa wapagazi alitembea kirangozi. Neno hilo ni ndugu wa neno letu la leo, kiongozi. Katika misafara mingi ya Wanyamwezi, kirangozi alichaguliwa na wapagazi wenyewe. Walimtazama kwa vigezo visivyo na utani: je, anaijua njia na visima vyake? Anazijua lugha za njiani? Anaweza kuzungumza na watemi kuhusu hongo, yaani ushuru wa kupita, bila kuuingiza msafara vitani? Waliomchagua ndio ambao wangekufa kwa kiu iwapo wangekosea, na kwa sababu hiyo walikuwa makini.

Mji huohuo ulishuhudia pia kinyume chake. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alifariki dunia mwaka 1858. Kwa desturi, mtemi hakujitawaza. Wazee wa himaya walimchagua kutoka ukoo wa kitemi. Mnywa Sere alishika utawala, lakini alipowatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wameweka makazi Tabora, uhusiano ukavunjika. Mwaka 1860 wafanyabiashara hao walishiriki kumwondoa kwa nguvu, na Mkasiwa akawekwa mahali pake. Mnywa Sere aliingia msituni na kupigana hadi alipouawa mwaka 1865. Katika miaka hiyo njia ilifungika mara kwa mara, wapagazi wakaadimika, na biashara ambayo wafanyabiashara walitaka kuilinda ndiyo iliyoumia. Msafiri John Hanning Speke, aliyepita mwaka 1861, alikwama kwa kukosa wapagazi na akajaribu kupatanisha pande hizo bila mafanikio.

Mambo hayo mawili yanaeleza kwa nini muundo wa kamati una uzito. Kirangozi alifuatwa kwa sababu waliotembea nyuma yake walijua amechaguliwaje na kwa vigezo gani. Mkasiwa alipata kiti, lakini sehemu ya watu wake haikuyatambua mamlaka yaliyotokana na wenye masilahi ya kibiashara. Chuo kikuu hakina mikuki, ila kina migomo baridi, barua zisizo na majina, maprofesa wanaohama na maamuzi yanayokwama kwenye vikao. Hiyo ndiyo gharama ya kiongozi ambaye upatikanaji wake haukueleweka.

Nani huketi ndani ya kamati

Baraza la Chuo ndilo kwa kawaida huunda kamati, likiongozwa na Hati Idhini ya chuo husika. Kamati iliyoundwa vizuri huwa na sauti tatu. Ya kwanza ni ya mmiliki na Baraza, ambao hubeba dhamana ya fedha na mwelekeo wa chuo. Katika chuo cha umma mmiliki ni Serikali. Katika chuo kama cha Mtakatifu Augustino ni Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Ya pili ni ya Seneti, yaani wanazuoni wanaoweza kupima uzito wa machapisho, usimamizi wa tafiti na heshima ya mgombea miongoni mwa wenzake. Ya tatu ni ya mtu wa nje, mwenye uzoefu wa kuongoza taasisi na asiye na deni kwa kundi lolote chuoni.

Ukubwa wa kamati nao una maana. Kamati kubwa hugeuka mkutano wa hadhara na siri huvuja. Kamati ndogo kupita kiasi huweza kutekwa na mtu mmoja. Kanuni isiyopaswa kulegezwa ni ya mgongano wa masilahi. Mjumbe anayekusudia kuomba nafasi hiyo hawezi kuwa mjumbe, na mwenye undugu au ubia na mwombaji anapaswa kutangaza na kujitoa. Vivyo hivyo, kiongozi anayemaliza muda wake anaweza kutoa taarifa kuhusu hali ya chuo, lakini si busara awe ndiye anayemchagua mrithi wake.

Hatua za kazi

Hatua ya kwanza ni hadidu za rejea. Baraza huieleza kamati kwa maandishi inachotakiwa kufanya, ndani ya muda gani, na majina mangapi yawasilishwe. Hatua ya pili ni vigezo, ambavyo hupangwa kabla maombi hayajafunguliwa. Kigezo kinachoandikwa baada ya waombaji kujulikana humfuata mtu badala ya kazi. Chuo chenye madeni kinahitaji msimamizi wa fedha aliyekomaa. Chuo kichanga kinahitaji mjenzi wa programu na watumishi. Chuo kilichogawanyika kinahitaji msuluhishi. Sifa za kitaaluma ni sharti la kuingilia mlangoni, hazitoshi peke yake.

Hatua ya tatu ni kutafuta kwenyewe. Jina la kamati linasema utafutaji kwa makusudi, kwa kuwa watu wanaofaa si lazima wawe wale wanaoomba. Wajumbe huwajibika kuwafikia wanazuoni wenye sifa, wakiwemo wanawake na Watanzania wanaofundisha nje ya nchi, na kuwashawishi wafikirie nafasi hiyo. Hufuata uchambuzi wa nyaraka, usaili, mazungumzo na wadhamini, na upekuzi wa mwenendo. Hatua ya mwisho ni taarifa yenye majina na sababu za kila jina.

Katika hatua zote hizo, siri na uwazi huenda pamoja. Majina ya waombaji na yaliyosemwa kuwahusu hubaki ndani ya kamati, ili mtu mwenye wadhifa kwingineko asiogope kujitokeza. Lakini utaratibu wenyewe, yaani wajumbe ni nani, vigezo ni vipi na ratiba ikoje, haupaswi kuwa siri. Kamati inayoficha vyote viwili huwaachia watu uvumi.

Uzoefu wa majirani

Nchini Uganda, sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 inaweka mnyororo ulio bayana: kamati ya utafutaji hubainisha watu wanaofaa, Seneti hupendekeza majina matatu, Baraza huwasilisha pendekezo lake, na Mkuu wa Chuo hufanya uteuzi. Kila kiungo kinajua kilipoanzia na kilipoishia. Nchini Kenya, Januari 2020, uteuzi wa Profesa Stephen Kiama kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi ulitenguliwa na waziri mwenye dhamana ya elimu siku chache baada ya kutangazwa, na shauri likafika mahakamani kabla hajarejea kazini. Funzo kwa msomaji wa Tanzania ni kwamba mipaka ya kila mamlaka isipoeleweka kwa namna moja na wahusika wote, hata mchakato uliofika mwisho unaweza kufunguliwa upya.

Wajibu wa jamii ya chuo

Wahadhiri, watumishi na wanafunzi wana nafasi yao. Wanaweza kuwasilisha kwa kamati maoni kuhusu changamoto za chuo na sifa wanazozihitaji, na ni vyema wafanye hivyo kwa maandishi na kwa majina yao. Wasichopaswa kufanya ni kampeni za makabila, za madhehebu au za vitivo, kwa sababu kampeni hizo humfunga kiongozi kwa kundi moja kabla hajaketi ofisini.

Kwa upande wa mabaraza, jambo la kuzingatia kuliko yote ni wakati. Kumalizika kwa muda wa kiongozi si dharura. Tarehe yake inajulikana tangu siku alipoteuliwa. Baraza linaloanza kazi mapema huipa kamati nafasi ya kutafuta, na humpa kiongozi mpya fursa ya kupokea ofisi kutoka kwa mtangulizi wake. Linalochelewa hulazimika kuweka kaimu, naye kaimu husita kuajiri, kuanzisha programu au kusaini mikataba ya muda mrefu. Wanafunzi waliopo wakati huo ndio wanaolipa gharama ya kuchelewa huko, ilhali hawakuwa na kura katika kusababisha.