Shule Moja, Mitaala ya Nchi Mbili

Französisches Gymnasium ya Berlin, ambayo Wafaransa huiita Lycée français de Berlin, ni shule ya sekondari ya serikali inayofundisha kwa Kifaransa katika mji mkuu wa Ujerumani. Mwanafunzi wake anaweza kumaliza kwa Abitur, mtihani wa Kijerumani unaofungua mlango wa chuo kikuu, au kwa baccalauréat, mtihani wa Kifaransa wenye kazi hiyohiyo. Wapo wanaoondoka na vyeti vyote viwili. Ukuta mmoja unazunguka mifumo miwili ya elimu, walimu wa nchi mbili na watoto wengine ambao nyumbani hawasemi Kifaransa wala Kijerumani.

Shule za aina hii huchanganywa na nyingine zinazofanana nazo kwa jina tu. Ipo shule inayofundisha Kifaransa kama somo, vipindi vichache kwa wiki, na hiyo ni shule ya kawaida. Ipo inayofundisha historia au baiolojia kwa Kifaransa huku mtaala ukibaki wa nchi yake. Na ipo inayobeba mitaala ya nchi mbili kwa pamoja, ikawajibika kwa wizara mbili. Hii ya tatu ni adimu na ni ngumu kuiendesha. Tangazo la biashara linaweza kuziita zote "za kimataifa" na "za lugha mbili", kwa hiyo mzazi hana budi kuuliza cheti cha mwisho hutolewa na nani.

Shule ya Berlin ilizaliwa na ukimbizi. Tangu 1598 Waprotestanti wa Ufaransa, waliojulikana kama Wahuguenot, walikuwa wakilindwa na Amri ya Nantes. Mwaka 1685 Mfalme Louis XIV aliifuta. Wiki chache baadaye mtawala wa Brandenburg, Friedrich Wilhelm, alitoa Amri ya Potsdam akiwakaribisha wakimbizi hao katika nchi yake, iliyokuwa bado imepungukiwa watu baada ya Vita vya Miaka Thelathini. Waliokwenda Brandenburg wanakadiriwa kufikia 20,000, na ilipofika 1700 karibu mkazi mmoja kati ya watano wa Berlin alikuwa na asili ya Kifaransa. Wafumaji, wasonara, wanasheria na wachungaji walihitaji mahali pa kusomesha watoto wao, na mwaka 1689 mrithi wa Friedrich Wilhelm, yaani Friedrich III, akaanzisha shule yao.

Ilikuwa rahisi shule hiyo ife mara tu wajukuu wa wakimbizi walipoanza kusema Kijerumani nyumbani. Iliokolewa na heshima ya Kifaransa chenyewe. Katika karne ya 18 lugha hiyo ndiyo iliyotawala majumba ya wafalme wa Ulaya, na Friedrich II wa Prussia aliiandika kwa ufasaha kuliko Kijerumani chake. Familia za Kijerumani nazo zikataka watoto wao waipate. Hivyo shule ya wageni ikageuka taratibu kuwa shule ya wenyeji, na mageuzi hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini imedumu zaidi ya karne tatu. Mwandishi Adelbert von Chamisso, mzaliwa wa Ufaransa aliyekuja kuwa mshairi wa Kijerumani, alipita hapo. Kurt Tucholsky, mkosoaji mkali wa ubabe wa kijeshi, alisoma hapo pia. Alisoma hapo vilevile Wernher von Braun, mhandisi aliyewatengenezea Wanazi kombora la V-2 kabla ya kuhamia Marekani na kusimamia roketi iliyopeleka watu mwezini. Madarasa yaleyale yalilea watu wasiofanana hata kidogo.

Familia nyingi za Kiyahudi za Berlin zilikuwa na watoto hapo. Utawala wa Hitler uliwabana hatua kwa hatua, mpaka Novemba 1938 watoto wa Kiyahudi walipopigwa marufuku katika shule zote za serikali. Baada ya vita mji uligawanywa, na Wafaransa wakapata sehemu yao ya kutawala. Jeshi lao lilifungua shule kwa ajili ya watoto wa askari, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule hiyo iliunganishwa na ile kongwe. Hapo ndipo sura yake ya leo ilipoanza: watoto wa Kifaransa waliokuja na mtaala wao wakakutana na watoto wa Berlin waliokuwa na wao.

Januari 1963 Rais Charles de Gaulle na Kansela Konrad Adenauer walitia saini Mkataba wa Élysée, na ujirani wa nchi hizo, uliokuwa umeharibiwa na vita vitatu ndani ya miaka 75, ukapewa msingi mpya. Elimu ya vijana ilikuwa sehemu ya mkataba huo. Njia nyingine mbili zilikua pembeni ya ile ya Berlin. Ya kwanza ni shule za pamoja za Wafaransa na Wajerumani, zenye mtaala mmoja ulioandikwa na pande zote na mtihani wao wenyewe unaotambuliwa kote kuwili. Ya Saarbrücken ilifunguliwa 1961, ya Freiburg 1972, ya Buc karibu na Versailles 1975, na ya Hamburg 2020. Njia ya pili huitwa AbiBac. Kwa makubaliano ya 1994, shule ya kawaida ya Ufaransa au Ujerumani hufundisha fasihi na historia kwa lugha ya mwenzake, na mwanafunzi hupata vyeti viwili kwa safari moja. Kuanzisha madarasa ya AbiBac ni rahisi kuliko kujenga shule mpya, ndiyo maana yameenea zaidi.

Nje ya Ulaya mtindo ni mwingine. Serikali ya Ufaransa ina shirika liitwalo AEFE, lililoundwa 1990, linalosimamia mtandao wa shule karibu 600 katika nchi zaidi ya 130. Chache huendeshwa na shirika lenyewe, nyingine zina mkataba nalo, na nyingi ni za vyama vya wazazi au watu binafsi. Zote lazima ziidhinishwe na Wizara ya Elimu ya Ufaransa, idhini ambayo maana yake ni moja: mtoto aliyemaliza darasa fulani Nairobi anaweza kuingia darasa linalofuata Lyon au Dakar bila kupewa mtihani. Wanafunzi wengi wa mtandao huu si raia wa Ufaransa. Katika ukanda wa wasemaji wa Kiswahili zimo Lycée Denis Diderot ya Nairobi, shule ya Arthur Rimbaud ya Dar es Salaam na Lycée Blaise Pascal ya Lubumbashi. Mtaala wa nchi mwenyeji huingia kwa kiasi tofauti. Mahali pengine ni lugha na historia ya nchi tu. Nchini Lebanon, ambako elimu kwa Kifaransa ina mizizi mirefu, shule nyingi huandaa watoto kwa mtihani wa Ufaransa na wa Lebanon.

Kuweka mitaala miwili pamoja si suala la kutafsiri vitabu. Hata hesabu ya madarasa haikubaliani. Ujerumani huhesabu kupanda, kuanzia darasa la 1. Ufaransa, kuanzia sekondari, huhesabu kushuka: mtoto wa miaka 11 huingia darasa la sita, kisha la tano, la nne, hadi la kwanza, na mwisho kabisa mwaka uitwao terminale. Alama nazo hugongana. Kwa Mjerumani 1 ndiyo alama bora na 6 ndiyo mbovu. Mfaransa hupima kwa 20. Karatasi yenye 2 humfurahisha mzazi mmoja na kumtia mwingine hofu. Tena 20 ya Ufaransa haifikiki kirahisi. Anayepata 10 amefaulu, anayepata 16 anasifiwa kwa daraja la juu la baccalauréat, na insha ya falsafa yenye 18 huwa habari ya shule nzima.

Mitihani yenyewe ni mikongwe: Abitur ilianzishwa Prussia 1788, baccalauréat ikapewa sura na Napoléon 1808. Uzito wake haujagawanywa sawa. Katika Abitur, kati ya pointi 900 zinazowezekana, 600 hutokana na kazi ya miaka miwili ya mwisho na 300 hutokana na mtihani. Ufaransa ilirekebisha mfumo wake mwaka 2021, na sasa kazi ya darasani huchangia asilimia 40, mitihani ya mwisho asilimia 60. Mwanafunzi wa Ujerumani anajenga matokeo yake polepole, wa Ufaransa bado anasubiri siku kubwa. Anayeandaliwa kwa vyote viwili hana msimu wa kupumzika.

Tofauti nzito zaidi imo katika namna ya kufikiri inayotuzwa. Shule ya Kifaransa huthamini insha iliyopangwa: swali linachambuliwa, hoja inajengwa, ya kuipinga inajengwa, kisha msimamo unatafutwa. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa baccalauréat ya jumla husoma falsafa na kuandika mtihani wake kwa saa nne. Shule ya Kijerumani humpima mtoto pia kwa kinywa chake. Kushiriki mjadala darasani huhesabiwa alama, na mtoto mkimya hupoteza hata kama anaandika vizuri. Mwalimu wa Kifaransa anayefika Berlin hushangaa wanafunzi kumkatiza, na mwanafunzi aliyetoka Paris huchukua muda kuamini kwamba kumkatiza mwalimu kwa hoja si utovu wa adabu. Mtoto anayezoea njia zote mbili anapata faida ambayo haimo katika kitabu chochote cha sarufi.

Somo la historia ndilo lililoleta kazi ngumu kuliko yote. Vita vya 1914 vingefundishwaje katika darasa ambamo mababu wa madawati mawili ya jirani walipigana? Mwaka 2003 bunge la vijana wa nchi hizo mbili, lililokutana kuadhimisha miaka 40 ya Mkataba wa Élysée, lilipendekeza kitabu kimoja cha historia kwa pande zote. Serikali zikakubali. Juzuu ya kwanza, juu ya ulimwengu tangu 1945, ilitoka 2006; zilizofuata zilitoka 2008 na 2011. Zilichapishwa kwa lugha mbili na kampuni za Nathan na Klett, zenye maudhui yaleyale. Madarasa mengi ya kawaida hayakukipokea kitabu hicho, kwa kuwa hakikulingana barabara na ratiba ya mtaala wowote. Hata hivyo kilithibitisha kwamba waandishi wa mataifa yaliyopigana wanaweza kukubaliana juu ya ukurasa mmoja.

Dini nayo ilileta mkanganyiko. Ufaransa ilitenganisha dola na dini kwa sheria ya 1905, na tangu 2004 wanafunzi wa shule za serikali hawaruhusiwi kuvaa alama za dini zinazojitokeza wazi. Katika majimbo mengi ya Ujerumani dini ni somo la kawaida. Berlin ni tofauti: dini ni hiari, na tangu 2006 somo la maadili ni la lazima kwa darasa la 7 hadi la 10. Jaribio la kubadili utaratibu huo kwa kura ya wananchi lilishindwa 2009.

Kuhusu lugha yenyewe, wazazi hudanganywa mara nyingi na wepesi wa watoto kuongea. Baada ya miaka miwili mtoto hucheza na kugombana uwanjani kwa lugha mpya bila shida. Mtaalamu wa Kanada Jim Cummins alionyesha kwamba lugha ya masomo, ile ya kueleza sababu za mmomonyoko wa udongo au kuthibitisha kanuni ya jiometri, huchukua miaka mitano hadi saba. Ndiyo sababu ya kuwaanzisha mapema wasiojua Kifaransa, kwa vipindi vingi vya lugha kabla ya masomo mengine kuhamia humo. Mtoto anayeingizwa moja kwa moja katika fizikia kwa lugha asiyoimudu huonekana mzito wa akili kumbe amekosa maneno. Lugha ya nyumbani nayo isiachwe, kwani aliyejifunza kusoma vizuri kwa lugha anayoielewa huhamisha stadi hiyo kwenye lugha ya pili. Sera ya Kongo inafuata mantiki hiyohiyo inapotaka miaka ya mwanzo ya shule ya msingi ifundishwe kwa lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, kabla ya Kifaransa kushika nafasi.

Gharama ndiyo inayoamua nani anafaidi. Shule ya Berlin, kwa kuwa ni ya serikali, haitozi ada. Shule nyingi za mtandao wa AEFE hutoza, na msaada wa Ufaransa wa kulipia ada huwaendea watoto wenye uraia wa nchi hiyo wanaotoka familia zisizo na uwezo. Kwa mzazi wa Afrika Mashariki asiye na uraia huo, hesabu hiyo ifanywe mapema na hadi mwaka wa mwisho, maana kumhamisha mtoto katikati ya njia humrudisha nyuma katika mitaala yote miwili. Na Mtanzania mwenye baccalauréat anayetaka kusoma chuo kikuu nyumbani anapaswa kwanza kupata ulinganifu wa cheti chake kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania.