Nyumba Unaikagua Jumapili, Maisha Yanaanza Jumatatu: Kuchagua Mtaa Unapohamia Dar

Tuchukulie umepata uhamisho wa kikazi kutoka Mbeya kuja Dar es Salaam. Una mwenza ambaye naye atafanya kazi mjini, watoto wawili wa shule ya msingi, na wiki mbili tu za kutafuta nyumba. Dalali anakupigia: "Bosi, kuna nyumba kali sana, njoo Jumapili uione." Unakwenda. Barabara nyeupe, jua linawaka, mtaa umetulia. Unalipa kodi ya miezi sita. Jumatatu ndipo unaanza kuujua mtaa wenyewe.

Kwenye utafiti hali hii ina jina: sampuli yenye upendeleo. Umepima kitu kimoja, saa moja, siku rahisi kuliko zote, halafu ukadhani umepima mwaka mzima. Na Dar si mji wa kupima hivyo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Yaani watu zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na sehemu kubwa yao Jumatatu asubuhi wako barabarani pamoja na wewe.

Sasa twende taratibu. Tupime nini?

Kwanza, muda

Mwaka 1964 mchumi William Alonso alieleza jambo ambalo kila mpangaji analijua kwa vitendo: kadiri unavyosogea mbali na katikati ya mji, bei ya ardhi inashuka, lakini gharama ya safari inapanda. Kwa hiyo nyumba ya bei rahisi mara nyingi si rahisi; sehemu ya kodi yake unailipa kituoni.

Tupige hesabu ya mfano. Nyumba A iko karibu, kodi 320,000 kwa mwezi. Nyumba B iko mbali, kodi 200,000. Unaona umeokoa 120,000, si ndiyo? Ila kutoka B kila mtu mzima anapanda gari mbili kwenda na mbili kurudi, wakati kutoka A ni moja kwenda na moja kurudi. Tukiweka nauli ya 700 kwa kila gari, B inakula 1,400 zaidi kwa mtu kwa siku. Watu wawili, siku 22 za kazi: 61,600. Akiba imebaki 58,400.

Bado muda. Tuseme B inaongeza saa moja na nusu kwa siku kwa kila mmoja wenu. Kwa mwezi ni saa 66. Gawanya 58,400 kwa 66: umeuza kila saa ya familia yako kwa takriban shilingi 885. Na hizo si saa za hivi hivi tu. Ni zile za jioni ambazo mtoto bado yuko macho na daftari la hesabu liko mezani.

Mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, aliandika mwaka 1994 kwamba, kwa wastani, watu katika jamii nyingi hutumia kama saa moja kwa siku kusafiri, hata vyombo vya usafiri vikibadilika. Huo ni wastani, si sheria. Lakini unatoa kipimo kizuri: ukiona mtaa unakudai saa tatu au nne kila siku, ujue kuna kitu kingine kinakatwa, na mara nyingi ni usingizi au watoto.

Angalizo: usipime kwa kilomita. Mtaa ulio mbali lakini uko kwenye njia ya mwendokasi unaweza kuwa "karibu" kuliko mtaa wa jirani unaohitaji bodaboda, daladala, kisha bajaji. Foleni ya kupanda nayo ni sehemu ya safari, kwa hiyo ihesabu.

Pili, maji

Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100, paa hilo linamwaga lita 5,000. Zidisha kwa mapaa ya mtaa mzima, ongeza lami na sakafu za saruji ambazo hazinywi maji. Yote yanatafuta bonde. Ndiyo maana mtaa unaweza kufurika hata kama mvua kubwa imenyesha juu zaidi, si hapo ulipo. Mto Msimbazi unaanzia upande wa vilima vya Pugu na kupita Jangwani kabla ya kuingia baharini. Kila kinachojengwa huko juu kinabadilisha maisha ya walio chini.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwahamishia waathirika wengi Mabwepande, mbali na katikati ya mji. Huko walikuwa salama na maji, lakini mbali na vibarua na biashara zao, na baadhi walirudi bondeni. Wasirahisishiwe kwa kuitwa wabishi. Walikuwa wanapima muda na maji kwenye mzani mmoja, na kila upande ulikuwa na bei yake.

Tatu, njia ya mtoto

Gari likiongeza mwendo kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, nishati yake haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Kwa hiyo swali si "shule iko umbali gani?" tu. Uliza pia kama mtoto atavuka barabara kubwa kama Morogoro au Bagamoyo, na kama pana kivuko au daraja la waenda kwa miguu. Shule ya dakika 20 kwa njia za ndani inaweza kuwa salama kuliko ya dakika tano ng'ambo ya lami.

Sampuli nzuri inakusanywaje?

Nenda Jumatatu. Simama kituoni saa 11:30 alfajiri, safiri hadi kazini, andika dakika. Rudi jioni kwa njia ile ile. Ukiweza, rudi mtaani baada ya mvua. Kama ni kiangazi, kuta zitakusimulia: mstari wa maji, plasta mpya sehemu ya chini tu, vizingiti virefu milangoni, viroba vya mchanga pembeni.

Uliza watu wasiofaidika na jibu. Dalali analipwa ukikubali, hata akiwa mwaminifu. Mama ntilie, dereva wa bodaboda na mjumbe hawapati kitu. Na usiulize "Huku hakuna mafuriko, eti?", swali hilo limeshabeba jibu lake. Uliza: "Mvua kubwa ya mwisho, maji yalifika wapi?" "Maji ya bomba yanatoka siku zipi?" "Mwanao anasoma wapi na anapitia wapi?"

Kama muda ni mfupi kweli, mwachie ndugu familia kwa wiki chache, au omba kulipa miezi mitatu badala ya sita. Wengine watakataa, wengine watakubali. Kodi ya miezi mitatu ukikosea inauma, lakini ya miezi sita inakufunga mpaka masika ipite.